Vumbi la Mlezi

Hakuruhusu kisu cha chuma kiguse ndizi ya mtoto. Hilo ndilo jambo la kwanza nililojifunza kwake, na nilijifunza kwa kofi. Nilikuwa nimeketi kizingitini pake, ndiyo kwanza nimeiacha shule ya misheni kwa mara ya tatu na ya mwisho. Yeye alikuwa amezungukwa na ndizi mbichi, mkononi ana kipande cha mwanzi kilichochongwa kikawa na makali. Nikaona anajitesa bure. Nikatoa kisu changu nimsaidie. Akanipiga mkononi, kisu kikarukia kwenye majivu.

"Unataka mtoto ale uji mweusi?"

Nikamuuliza chuma kinafanyaje hata ndizi ikawa nyeusi.

"Wewe ndiye uliyekuwa shuleni. Tuambie."

Nikasema hilo hawakutufundisha.

"Walikuwa wanakufundisha nini siku zote hizo?"

"Kugawanya, juba." Juba kwa Kinyakyusa ni mama, na wote tulimwita hivyo mbele yake, hata wanaume waliomzidi umri.

Akacheka mpaka akaweka mwanzi chini. "Kugawanya! Mimi nina watoto watatu na chungu kimoja, na wote wanashiba. Nenda ukamwambie mwalimu wako aje."

Asipokuwapo tulimwita Mlezi. Alikuwa jirani yetu upande wa Ipyana, mahali ambapo migomba inaanza kuyapisha matete na ukisimama vizuri unaona ziwa. Kazi yake ilikuwa moja. Mtoto aliyefiwa na mama, au ambaye maziwa ya mama yake yamekauka, au pacha aliyezidiwa na mwenzake, aliletwa kwake. Naye alimlisha mpaka akaweza kuiba chakula mwenyewe. Hicho ndicho kipimo alichokitumia. Mtoto akikamatwa na mkono chunguni, Mlezi aliwaita wenyewe: "Njooni mmchukue, amepona."

Mimi ni mtu wa kuhama. Nimekata kuni za meli ya ziwani, nimebeba mizigo hadi Iringa na kurudi, nimewahi kumpikia Mdachi mmoja aliyekuwa akikusanya vipepeo. Kila niliporudi bondeni nilipita kwake kabla sijafika kwetu, kwa kuwa nilikuwa na hamu ya kujua mambo, na yeye alikuwa na mambo ya kujua. Alilalamika kwamba nauliza maswali kama askari wa kodi, kisha alinijibu yote.

Ndizi alizotaka zilikuwa zile zilizokomaa bila kuanza kuiva, wakati kona za ganda zimelainika kidogo lakini rangi bado kijani. Alizimenya ndani ya maji ili utomvu ubaki humo. Alizikata nyembamba kiasi kwamba ukishika kipande juani unaona kivuli cha kidole chako upande wa pili. Kisha mkekani, jua la siku tatu. Siku ya nne alichukua kipande akakivunja karibu na sikio. Kikilia kama kijiti, kimekauka. Kikijipinda, kinarudi juani, na aliyekianua anatukanwa. Kinu chake hakikuwahi kuonja chumvi wala pilipili. Alikuwa na kinu kingine cha watu wazima, na ukivichanganya ungetafuta pa kulala.

Vyungu vilitoka kwa Wakisi, wale wa ufukweni ambao wanawake wao hufinyanga na wanaume huvua. Vililetwa kwa mitumbwi, na ukitaka chungu ulikijaza chakula, mfinyanzi akaondoka na chakula na wewe ukabaki na chungu. Mlezi alivigonga kwa ukucha akivisikiliza, huku mfinyanzi amesimama pembeni amenuna. Chungu kipya alikichemshia maji ya maharage ili vitundu vyake vizibe, akakifukiza moshi, ndipo akakijaza. Alishindilia kwa ngumi mpaka shingoni. Juu aliweka jani la mgomba lililolainishwa motoni, akalibana kwa kamba ya mgomba. Juu ya jani alimwaga majivu yaliyochekechwa, unene wa kidole kimoja, ili mdudu akija akutane nayo kwanza. Mwisho kigae cha kufunikia, kisha chungu kikapanda uchagani, juu ya moto, kukaa katika moshi. Vyungu vyake alivitia alama za mistari. Mstari mmoja ni wa laini kabisa, kwa asiye na jino. Miwili ni wa chengachenga kidogo, kwa anayeng'ata. Mitatu umechanganywa na samaki wadogo wa ziwa, waliokaangwa bila mafuta, wakatolewa vichwa na kusagwa.

Hakufungua vyungu viwili kwa wakati mmoja. Na hakuchota kwa mkono wenye maji hata kama mtoto analia hadi anabadilika rangi. Alijifuta kwanza. "Akilia ana nguvu," alisema. "Akinyamaza ndipo nitakimbia."

Sasa lipo jambo moja ambalo mgeni asipolijua hataelewa yanayofuata.

Nimekuwa nikikwepa kutaja kilichokuwa ndani ya vyungu. Ni unga. Lakini Mlezi hakuwahi kusema neno hilo. Kwetu mwanamke aliyeolewa hakutani na baba mkwe wake, hamtazami, hamtaji jina, na hata neno lolote linalofanana na jina hilo halitamki mpaka kufa kwake. Jina la baba mkwe wa Mlezi lilipita karibu sana na neno letu la unga. Sitaliandika hapa. Basi tangu siku alipoletwa pale akiwa bibi harusi, unga kwake uliitwa vumbi. Chekecha vumbi. Vumbi limeisha. Mtoto hajala vumbi tangu asubuhi. Wanawake wote wa kitongoji walimwelewa, na sisi tuliokua karibu yake hatukusikia tena kwamba kuna kitu cha kuchekesha.

Waliochekesha ni wageni. Kuna msichana wa Kikisi aliyeolewa na jirani, wiki ile ile Mlezi akamwomba msaada. "Mwanangu, niletee vumbi la mtoto." Msichana akatazama huku na huku, akamwona mtoto amekaa uani. Akamwinua kwa adabu, akafagia alipokuwa amekaa, akaleta vumbi limejaa kwenye ungo, amepiga magoti. Mlezi akaangalia ungo. Akamwangalia msichana. Wanawake wengine walikuwa wamegeuza nyuso wakitafuta pa kuchekea.

"Ndaga," akasema mmoja wao, yaani asante. "Umemletea hadi na kinyesi cha kuku."

Nimeandika neno ndaga, na hapo nimegusa kilema chake. Mlezi hakumshukuru mtu. Ungemletea mkungu wa ndizi kutoka mbali, umeubeba kichwani, jasho linakutiririka, akaupokea kama vile ulikuwa wake na wewe ulikuwa umeuficha. Mwanzoni nilikasirika. Nikamwambia, "Juba, nimetoka nao Talatala kwa miguu."

"Hukuniletea mimi. Umemletea huyu." Akaonyesha mgongoni, alikokuwa amembeba mtoto. "Atakushukuru mwenyewe akijua kusema."

Na yeye pia hakutaka shukrani. Baba wa mtoto mmoja alikuja na jogoo, akaanza hotuba ndefu. Mlezi akachukua jogoo, akamwachia hotuba.

Uongo aliuchukia kuliko wadudu wa nafaka. Mama wa mapacha alikuwa akimwambia kila siku kwamba mdogo amekula sawasawa na mkubwa. Mlezi akaweka sikio kwenye tumbo la mdogo, akaligonga kwa kidole kama anavyogonga chungu. "Limeniambia mengine," akasema, na yule mama akalia akakiri kwamba alikuwa amemkatia tamaa. Hakumkaripia. Alikaa naye siku nzima akimwonyesha jinsi ya kumtia mtoto uji kwa kidole cha mwisho, kidogo kidogo, pembeni mwa ulimi. Yule mdogo leo ana watoto wake.

Hakuogopa watu. Tarishi wa chifu aliyekanyaga mkeka wake wa ndizi aliambiwa maneno ambayo hata melini sikuyasikia. Bibi wa misheni, mke wa mchungaji wa Kidachi, mtu mwema, alikuja siku moja na mkebe wa maziwa ya unga kutoka Ulaya. Nilikuwapo, nikatafsiri. Bibi akaeleza kwamba ukitia maji ya moto yanakuwa maziwa. Mlezi akanusa, akaonja kwa ncha ya ulimi, akafikiri.

"Muulize ng'ombe wake yuko wapi."

Nikauliza. Bibi akasema yuko mbali, ng'ambo ya bahari.

"Ana afya?"

Bibi akasema hajui, hakumwona.

"Basi hata mimi simjui," akasema Mlezi, akamrudishia maziwa yaliyobaki yakiwa yamefungwa kwenye jani. Mkebe aliubakiza. Ulikuwa kipimo kizuri, na kuanzia siku ile aligawa chakula cha watoto wa bonde lote kwa mkebe wa Ulaya.

Lakini mwanamke huyuhuyu alimkimbia mzee mmoja mwembamba mwenye fimbo. Baba mkwe alipopita njiani, Mlezi alijitupa migombani hata kama uji umo motoni. Niliwahi kuuona uji ukiungua huku yeye amelala kifudifudi katika majani makavu, hatua ishirini kutoka chunguni. Mzee naye aligundua. Akaanza kukohoa kutoka mbali, akimpa nafasi ya kuuepua uji. Baadaye aliacha kabisa njia ile, akawa anazunguka kupitia bwawani, na magoti yake yalivyokuwa mabovu. Na mara nyingi asubuhi mkungu wa ndizi uliokomaa vizuri ulikutwa kwenye mpaka wa shamba, umeegemezwa. Hawakuwahi kuonana uso kwa uso, watu wale wawili, na sijaona mkwe na mkwe waliotunzana kama wao.

Mzee alipokufa, nilimuuliza kama sasa angeweza kulisema lile neno.

"Amekufa yeye. Jina lake linaishi nyumbani kwangu," akasema, akaendelea kuchekecha vumbi.

Vita vya Wadachi na Waingereza vilipoanza, shemeji yangu alichukuliwa kuwa mpagazi, hakurudi. Dada yangu alijifungua mtoto wa kiume na siku ya tatu akafa. Nilikuwa nyumbani wakati ule. Mtoto nilimpeleka mimi mwenyewe kwa Mlezi, nimemfunga kwenye shati langu, nikiogopa hata kupumua. Akampokea, akamgeuza, akamkagua masikio na nyayo.

"Yuko vizuri. Lakini ana macho yako. Atakuwa muulizaji."

Miezi ya kwanza alimpa maziwa ya ng'ombe wa nyumbani, yaliyochemshwa. Kisha ng'ombe wakachukuliwa na jeshi. Hapo mvua kubwa zilikuwa zimeingia, na wanaoijua Kyela wanajua mvua zake. Maji hupanda hadi vizingitini, mkeka haukauki, jua unalisikia kwa jina. Hakuna anayeweza kukausha ndizi wakati ule. Mlezi alikuwa na vyungu vinne uchagani, vyote vya mstari mmoja, na mtoto mmoja asiye na jino. Alikuwa amepiga hesabu kwa mkebe wake. Vingemfikisha mpwa wangu mpaka jua lirudi, bila kuzidi hata kijiko. Chungu kimoja kikipotea, asingefika.

Mimi sikuwapo kuvilinda. Nilikuwa nimekamatwa na askari wa Wadachi kwenye kivuko cha Songwe. Walipoona nasema Kiswahili na kusoma kidogo, hawakunipa mzigo, walinifanya mkalimani wa kikosi cha kukusanya chakula. Shaushi, yaani sajini, aliyekiongoza alitoka mbali, hakujua neno letu hata moja. Tulikwenda nyumba kwa nyumba katika matope. Nilijua tunakokwenda. Kila nyumba niliomba iwe na chakula kingi ili watosheke kabla hatujafika, na najua ombi hilo lilikuwa baya.

Tulipoingia uani kwake alikuwa mlangoni, mpwa wangu mgongoni. Alinitazama kama asiyenijua. Askari wakachukua mikungu ya ndizi, wakachukua maharage, wakachukua yule jogoo wa hotuba. Shaushi akaingia ndani, nami nyuma yake, na Mlezi nyuma yangu. Akainua macho akaona vyungu.

"Muulize kama huo ni unga."

Alisema kwa Kiswahili, na Kiswahili hakina mkwe pale. Lakini mimi nililazimika kuuliza kwa lugha yetu, na kulitamka neno lile mbele ya Mlezi kungekuwa sawa na kumvua nguo mbele ya wanaume. Nikasema, "Juba, chunguni mna nini?"

"Vumbi," akasema. Bila haraka, kama alivyolisema kila siku tangu nimjue.

Nikageuka. "Anasema vumbi, efendi."

"Vumbi?"

"Vumbi, efendi."

"Mtu mzima anahifadhi vumbi juu ya moto?"

"Ni desturi ya ukweni, efendi. Hawezi kuiacha."

Hakuniamini. Alipanda juu ya kinu, akaondoa kigae, akatumbukiza vidole. Akatoa majivu. Yakampanda puani, akapiga chafya tatu mfululizo, na askari waliokuwa mlangoni wakacheka wakajifanya wanakohoa. Chini ya vidole vyake kulikuwa na jani la mgomba, na chini ya jani uhai wa mpwa wangu. Angekandamiza kwa ukucha tu, jani lingepasuka.

Akashuka, akajipangusa kwenye suruali. Ndipo macho yake yakatua kwa mtoto, aliyekuwa amenona kama mtoto wa chifu.

"Huyu anakula nini?"

Nikamuuliza Mlezi.

"Mwambie anakula vumbi."

Nilimtazama. Hakukonyeza jicho, hakutetemesha kope.

"Anasema anakula vumbi, efendi."

"Mwanamke huyu ana wazimu," akasema shaushi. "Twendeni." Tukatoka mvuani. Vyungu vinne vilibaki uchagani, na sikuthubutu kugeuka.

Kikosi kile nilikitoroka baadaye, lakini nilitorokea upande usiofaa, na mwaka mzima na zaidi ukapita kabla sijaiona Kyela tena. Nililala kwenye mapori na kwenye jiko la watu, nikiwaza kama vyungu vilitosha, kama kikosi kingine hakikuja na mkalimani mwingine asiyejua adabu ya wakwe.

Nilirudi wakati wa kiangazi, Wadachi wameshaondoka bondeni. Kutoka mbali niliona mikeka imetandazwa na weupe wa ndizi juu yake. Mlezi alikuwa chini, mwanzi mkononi, amekonda, nywele zimebadilika. Nilimsalimu kwa heshima, "Mugonile, juba," na hakuinua kichwa.

"Umekuja na kisu?"

"Sina."

"Basi kaa."

Nilikaa. Nilitaka kuuliza jambo moja tu na sikuweza kulianza. Hapo kigae kikaanguka ndani ya nyumba, na sauti ya Mlezi ikapaa: "Wewe! Toa mkono humo!" Akatoka mtoto wa kiume, amekakamaa, mweupe mpaka viwikoni, mashavu yamejaa. Akanitazama kwa macho yangu.

"Amepona," akasema Mlezi. "Ningekuwa nimewaita wenyewe zamani, lakini mwenyewe alikuwa anazurura."

Nilimkalisha mapajani. Kisha nikauliza lile la pili lililonitesa njia nzima. "Juba, siku ile ya shaushi. Uliposema vumbi, ulisema lile la siku zote, au ulimdanganya?"

Mwanzi ukaendelea kukata. Vipande vitatu, vinne.

"Mimi nilisema kilichomo. Neno lingine sina, unajua. Hata angenipiga ningesema hilohilo." Akanielekezea mwanzi. "Wewe ndiye unalo. Unalo kwa lugha mbili. Ulikuwa nalo mdomoni, naye amesimama na bunduki, ukalimeza."

"Kwa hiyo mwongo ni mimi."

"Mwongo ni wewe," akasema, na sijawahi kusikia tusi likisemwa kwa upole namna ile. Akamgeukia mtoto, akamfuta pua kwa kiganja. "Wewe, si unajua kusema? Mwambie mjomba neno lake. Amelingoja muda mrefu."

Mtoto akanitazama, akaangalia mwanzi, akajaribu kumeza akashindwa.

"Ndaga," akasema, na mdomo ulikuwa bado umejaa, hivyo neno lilitoka pamoja na vumbi, likaniangukia magotini.